Chupa Mbili za Maji ya Mvuke

Kama umewahi kusimama Kikopey, kwenye barabara kuu ya Nakuru, kula nyama, unajua kusubiri kwake. Unachagua paja lako la mbuzi, linapimwa, linawekwa motoni, halafu unakaa karibu saa nzima ukimeza mate huku moshi ukiingia kwenye sweta. Jumapili iliyopita nilikuwa hapo na binti yangu, ambaye yuko gredi ya nane na haachani na simu hata chakula kikiombewa. Akaniambia bila kuinua macho, "Mum, ati life haikuanzia hapa duniani. Wameangalia vumbi ya jiwe ilitoka huko juu, wakapata vitu zenye hutengeneza life. Inaweza kuwa ilikuja tu na mawe." Nikamwambia sawa. Akasoma tena kidogo, akakunja uso. "Na hapa wengine wanasema ilianza kwa maji moto, hii hutoka chini ya ardhi. Sasa ni gani?"

Nilimwambia amwulize mwalimu wake. Ni jibu la mzazi mvivu, najua, lakini wewe ungesema nini? Macho yangu yalikuwa yameshavuka barabara kwenda upande wa Eburru, kwenye kilima nilikokulia. Kutoka Kikopey huwezi kuuona mvuke wa kule, ni mbali mno, ila mimi huuona kila ninapopita. Swali la mtoto wangu nililijua vizuri. Nililibeba nikiwa mdogo kuliko yeye, na kwangu halikuwa swali la sayansi. Nilitaka kujua kama mimi mwenyewe nilianzia pale kilimani au nililetwa tu.

Ngoja kwanza nikueleze kuhusu maji, maana bila hayo hutanielewa. Kule kwetu hakuna mto, na ukichimba kisima unakutana na joto. Ardhi inapumua. Katikati ya majani kuna mashimo ambamo mvuke mweupe hutoka mchana na usiku, mkali wa kuivisha kiazi. Watu waliotutangulia waliweka mabomba ya chuma kwenye midomo ya mashimo hayo, bomba refu limelala kwa mteremko mpaka kwenye pipa. Mvuke ukiingia bombani ukakutana na baridi ya kilima, unageuka maji na kudondoka tone kwa tone. Hayo ndiyo tuliyokunywa, tuliyopikia, tuliyoogea, na kondoo wakanywa yaliyobaki. Yalitoka vuguvugu, yenye ladha ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Nimeishi Nakuru mjini miaka mingi na bado chai ya huku naiona imepungukiwa na kitu.

Kazi yangu ilikuwa kulifunika bomba. Jua likipanda chuma hupata moto, na bomba likipata moto matone hupungua, basi nilikata matawi ya kichaka cha leleshwa kila siku nikayalaza juu yake kulitia kivuli. Harufu ya leleshwa iliyopashwa moto na chuma, sijui nikuelezeje. Ni kama dawa ya kifua, lakini tamu. Nikimaliza nilikaa kando ya pipa nikisikiliza. Pipa tupu lilipiga kelele kila tone lilipoanguka, na kadiri lilivyojaa sauti ikawa nzito na ya chini, hata Shosho akiwa jikoni aliweza kusema maji yamefika wapi bila kutoka nje.

Shosho ni nyanya yangu, mama wa mama yangu. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Mama yangu nilimjua kwa picha moja tu, amesimama mbele ya rundo la mbao huko Elburgon, alikokwenda kutafuta kazi kwenye kiwanda cha mbao na asirudi mzima. Shosho alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na maneno machache. Alipanda viazi, njegere tunazoziita minji, na pareto. Aliwafokea kondoo kwa sauti ile ile aliyotumia kunifokea mimi, na kwa hiyo nilijua hanichukii. Siku ya Jumamosi alilimwaga pipa lililobaki na maji ya chini, akaingiza kichwa na mabega ndani, akalisugua kwa majivu na mchanga. Kwenye kuta za pipa palikuwa pamejishika ukoko wa kijani, wenye utelezi, ambao hakuna aliyeuweka. Uliondolewa Jumamosi na Jumamosi nyingine ukawa umerudi.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa mama mmoja mwenye kondoo wengi na mdomo mrefu. Mwaka mmoja kiangazi kilikaza, baridi ya usiku ikapungua, na mabomba yote yakawa yanatoa kidogo. Mwanakondoo wake mmoja akaja kunywa kwenye pipa letu, mimi nikamfukuza kwa tawi. Mama yule alinipigia kelele kutoka kwake mpaka akafika kwetu. Shosho akatoka jikoni na kisu cha viazi mkononi, akamwambia maji ni ya wenye bomba. Ndipo yule mama akasema maneno yale.

"Wenye bomba? Huyo wako hata si wa hapa. Alikuja na lori ya mbao akiwa amefungwa kwa blanketi, na sisi wote tuliona. Hata hujui ni wa nani."

Shosho hakupandisha sauti. Alisema, "Huyu nilimshika mimi akitoka. Rudi kwako." Kisha akaendelea kumenya viazi pale pale amesimama, maganda yakianguka kwenye miguu yake, mpaka yule mama akaondoka na mwanakondoo wake.

Sasa fikiria, una miaka tisa au kumi, na watu wazima wawili, wote wanaokwenda kanisa moja, wamesema mambo mawili ambayo hayawezi kukaa pamoja. Mmoja anasema alikushika ukizaliwa. Mwingine anasema alikuona ukishushwa kwenye lori. Utasema, si ungeuliza tu? Rafiki yangu, nyumba yetu haikuwa ya kuuliza. Nilijaribu mara moja, tukichambua minji, nikasema, "Shosho, nilizaliwa wapi?" Akasema, "Chambua hizo, zitaingia wadudu." Nilikasirika, kwa kweli. Hasira hiyo ninayo kidogo hata sasa, na nadhani ninayo haki. Kama nilizaliwa kwenye ile nyumba, ilikuwa shida gani kunionyesha kona?

Cheti changu cha kuzaliwa kinasema nilizaliwa pale, lakini usijisumbue nacho. Sisi wengi tulichukuliwa vyeti tukiwa tayari tunajiandaa kufanya mtihani wa darasa la nane, na karani aliandika alichoambiwa na Shosho.

Hapo ndipo anaingia mwalimu wa sayansi. Alikuwa kijana kutoka magharibi mwa nchi, aliyeletwa kwetu na kazi, na baridi ya kilima ilimtesa. Alifundisha akiwa na koti na kofia ya sufu. Siku moja akaacha kitabu mezani akatuuliza uhai wa dunia ulianzia wapi. Tukajibu kwa pamoja kwamba Mungu aliumba. Akasema vizuri, na Mungu anajua, lakini wanaochunguza wanauliza aliuanzishia wapi. Wako wanaosema ulianzia kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini, mahali kama hapa kwetu. Wako wengine wanaosema ulitoka nje kabisa, ukaja na mawe yaliyoanguka kutoka angani, ukakuta hapa pana maji ukakaa. Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilihisi kama mtu amesimama mbele ya watu akatangaza mambo ya nyumbani kwetu.

Kesho yake nusu ya darasa tulikuja na mawe kutoka angani. Unayajua yale mawe meusi ya kilima chetu, yanayong'aa kama chupa na kukata kama wembe? Tulikuwa tumekubaliana njiani kwamba kitu cheusi hivyo, laini hivyo, hakiwezi kuwa cha duniani. Mwalimu akayapanga mezani, akatazama moja baada ya lingine, akacheka mpaka kofia ikamshuka machoni. Akatuambia mawe hayo yametoka chini ya miguu yetu, kilima kilipokuwa kikitapika moto. Basi nikafurahi, nikasema, kumbe vinavyoonekana kuja vimetoka hapa. Lakini hakuniacha nifurahi. Akaongeza kwamba mvuke tunaounywa, tunaodhani ni wa ardhi, ni mvua. Ilianguka kutoka juu, ikazama, ikapata moto, ikarudi. Sasa nikawa sielewi kitu. Jiwe la juu ni la chini, na maji ya chini ni ya juu.

Baada ya darasa nilimfuata nje. Nilimwuliza, "Mwalimu, mtu anajuaje kama kitu kilianza mahali ama kililetwa?"

Alifikiri nauliza kuhusu uhai, maskini. Alisugua mikono yake akanieleza. Nichukue chupa mbili za jemu, nizichemshe, nizijaze maji yanayotoka bombani moja kwa moja. Moja niifunge vizuri kwa karatasi ya nailoni na mpira, nyingine niiache wazi, zote nizikalishe dirishani penye mwanga. Kama ukoko wa kijani utaota kwenye ile ya wazi peke yake, basi huwa unaingia kutoka nje. Kama utaota hata kwenye iliyofungwa, labda unatoka humo humo majini. "Lakini uwe na subira," akasema. "Na usiziguse."

Nilizifanya hivyo hivyo. Na njiani nikirudi nyumbani nilikuwa nimeshaongeza jambo ambalo mwalimu hakulisema. Nilijiambia chupa zitajibu na swali langu. Kijani ikitoka kwenye iliyofungwa, mimi ni wa hapa, Shosho alinishika. Ikitoka kwenye ya wazi peke yake, nilikuja na lori. Usinicheke. Mtu mzima hupiga kura ya kanisa kwa vikaratasi na kusema Mungu ameamua. Mimi nilitumia chupa.

Shosho aliziona dirishani akauliza ni za nini. Nikasema za shule. Akaridhika, maana kitu cha shule kwetu hakikuguswa. Lakini pale kwetu tuliomba kwa sauti kabla ya kula, yeye na mimi kwa zamu, na zamu yangu ilipofika nilimwomba Mungu kwa kirefu. Niliomba chupa iliyofungwa iote kijani. Jioni moja, githeri yetu ya mahindi na maharagwe ikipoa, nikamweleza Mungu na sababu yake, kwamba ikiota ya wazi basi mama wa kondoo alisema kweli. Nilikuwa nimefumba macho, na nilidhani ninazungumza na Mungu peke yake. Shosho alisema amina kama kawaida, akanipakulia.

Siku zikapita, chupa zikabaki maji tu. Nilizitazama asubuhi nikienda shule na jioni nikirudi. Vumbi liliingia kwenye ile ya wazi, na nzi mmoja. Nikaona afadhali zisiote chochote, zote mbili, maisha yangu yote.

Kisha Jumapili tukitoka kanisani nikazikuta. Ya wazi ilikuwa safi, na nzi wake. Iliyofungwa ilikuwa na kijani chini, kijani nene, si ule ukungu mwepesi unaoanza, na ukoko mwingine umejishika kwenye kioo. Niliruka. Nilikwenda jikoni nikamshika Shosho kiunoni bila kumwambia kitu, na yeye hakuniuliza kitu. Alisema, "Utaniangusha kwa moto." Siku hiyo nilikula viazi vyangu na vyake.

Jumatatu nikazipeleka shuleni, nimezikumbatia njia nzima. Mwalimu alifurahi aliponiona, halafu akaiinua iliyofungwa kwenye mwanga na furaha ikamwishia usoni. Aliigeuza. Chini, ndani ya kijani, palikuwa na vipande vidogo vya kutu, na punje nyeusi za majivu. Akatazama mpira uliofungia nailoni. Mimi nilikuwa nimefunga fundo la kawaida, la kamba za viatu. Pale palikuwa na fundo la kuzungusha mara tatu na kupenyeza mwisho, ambalo pale nyumbani Shosho alifungia magunia ya viazi. Nililiona wakati yeye analiona. Naapa kwamba mpaka dakika hiyo sikuwa nimeliona.

"Kwenu unaishi na nani?" akaniuliza.

"Na Shosho."

Akaiweka chupa mezani. Kisha akaliambia darasa kwamba majaribio haya wakati mwingine hayatoi jibu, na kwamba hata wakubwa wanaochunguza mawe ya angani huwa na shida hiyo, mkono wa mtu ukigusa, huwezi tena kujua nini kilikuja na jiwe na nini kilitoka kwa mkono. Aliendelea na somo lingine. Saa ya kwenda nyumbani akanirudishia chupa yangu, fundo likiwa vile vile. "Iweke dirishani kwenu," akasema. "Usiimwage."

Niliiweka. Shosho alipita pale kila siku na hakuitaja, nami sikuitaja. Jumamosi akasugua pipa kwa majivu na mchanga kama kawaida yake.

Nimekaa na jambo hili karibu maisha yangu yote na bado halijakaa sawa. Mtu huniambia, lakini jibu liko wazi, kama ungekuwa wa pale nyanya yako asingehitaji kudanganya chupa. Na kweli, huwa naamka siku nyingine nikiona hivyo. Aliingiza mkono pipani, akakwangua ule ukoko, akaufunga humo, kwa sababu alijua chupa ikiachwa itasema ukweli. Siku nyingine naona tofauti kabisa. Naona mwanamke aliyenishika mimi nikitoka, damu mpaka kwenye viwiko, na sasa anasikia mtoto huyo akimwambia Mungu kwamba ataiamini chupa ya jemu kuliko yeye. Angefanya nini? Angeacha nzi na vumbi viniambie uongo? Ukitia mkono ili kuulinda ukweli au ili kuuficha, ukoko ni ule ule. Nimegeuza pande zote mbili mpaka nimechoka, na nakwambia sijui.

Mwalimu alihamishwa, sikumwona tena. Mama wa kondoo alikufa nikiwa kidato cha tatu, na nilikuwa mkaidi, sikwenda kwake hata mara moja kumwambia, hebu niambie hilo lori lilikuwa la rangi gani, nani alinishusha. Sasa maji ya bomba la kweli yamefika kwenye kilima, watu wanafungua mfereji yanatoka baridi, na watoto wa huko hawajui kukata leleshwa ya kufunika chochote. Mabomba mengine ya mvuke yameuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Sisemi ni vibaya. Nani angependa kungoja tone? Lakini wale waliosikiliza pipa wakajua limefika wapi, ni wachache tumebaki.

Na Shosho naye alianza kusahau. Alisahau majina kwanza, halafu nyumba za watu, halafu watu wenyewe. Siku moja nikapanda kilima kumwona, na nilikuwa nimeamua safari hiyo nitamwuliza, nimeshakuwa mama, simwogopi tena. Nilimkuta nje ameketi kwenye benchi, juani, amefunikwa shali mbili, na msichana anayemtunza alikuwa ameingia jikoni kupasha uji. Nikamsalimu. Akanitazama kwa adabu, kama tunavyomtazama mgeni.

"Umetoka wapi, mama?" akaniuliza.

"Nakuru, Shosho."

"Ni mbali. Na kwenu kabisa ni wapi?"

Lile swali nililokuja nalo lilikuwa mdomoni mwangu, nikalimeza. Nilitazama nyumba, nikatazama miguu yake, iliyokuwa imevimba ndani ya soksi za wanaume. Nilikuwa karibu kulia na nilikuwa nimekasirika, yote pamoja.

"Kwetu ni hapa," nikasema.

 Kisha akageuka upande wa juu, kwa majirani, akahakikisha hakuna mtu, akajisogeza kwenye benchi ili nikae, na akaniinamia sikioni.

"Wakikuuliza," akasema, "waambie hivyo hivyo."

Mpaka leo ndivyo ninavyowaambia.